Dawa za Kupenya na Dawa za Utando: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuziba Zege

Mtu anayetafuta dawa ya kuzibia sakafu, kibaraza au ukuta wa zege hukutana na makopo mengi yenye maelezo yanayofanana: kila moja huahidi kuzuia maji, kuzuia madoa na kurefusha maisha ya uso. Ndani ya makopo hayo, hata hivyo, mna bidhaa za aina mbili zinazofanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Za kwanza huingia ndani ya zege na kutenda kazi bila kuonekana. Za pili hubaki juu na kukauka zikawa utando. Naamini uamuzi mkubwa uko hapo, na kwamba haupaswi kuanzia kwenye mng'ao au rangi, bali kwenye maji: yanaingilia wapi sasa, na yatatokea wapi baada ya uso kuzibwa.

Zege lililokomaa huonekana kama jiwe, lakini ndani limejaa njia nyembamba zisizoonekana kwa macho. Wakati wa kuchanganywa huwekewa maji mengi kuliko yale ambayo saruji inayahitaji ili ishike, kwa sababu mchanganyiko mkavu mno haumwagiki wala hausawaziki kwa urahisi. Maji ya ziada yakishaondoka huacha vijia vinavyonyonya maji mapya kutoka juu na kupandisha yale yaliyomo ardhini. Maji hayo hayaji peke yake. Hubeba chumvi zenye kloridi, ambazo zikiifikia nondo huianzishia kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hupasuka kutokea ndani. Penye baridi kali, maji yaliyonaswa karibu na uso huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, na uso humeguka magamba msimu baada ya msimu. Hata pasipo baridi wala chumvi nyingi, mafuta ya gari na ya kupikia huzama katika vijia hivyo na kuacha madoa yasiyotoka kwa kusuguliwa.

Dawa zinazopenya

Katika kundi hili, silani na siloksani ndizo dawa halisi za kufukuza maji. Zote mbili ni jamii ya silikoni, na zikiingia katika vijia hushikamana na kuta zake kikemia, kiasi kwamba kuta hizo haziloweki tena. Vijia vyenyewe hubaki wazi. Mvua ikinyesha, maji hujikusanya kuwa matone juu ya uso badala ya kunyonywa, lakini mvuke ulio ndani ya zege unaendelea kutoka kama ulivyokuwa ukitoka. Sifa hiyo ya kuruhusu mvuke kupita ndiyo inayonifanya nizipe nafasi ya kwanza kwa karibu kila uso ulio nje.

Tofauti kati ya silani na siloksani inatokana na ukubwa wa molekuli. Silani ina molekuli ndogo, kwa hiyo huzama zaidi hata katika zege lililobanana, na ndiyo maana hutumiwa sana kwenye madaraja na majengo ya maegesho, ambako lengo kuu ni kuiepusha nondo na chumvi. Udhaifu wake ni kuvukiza upesi: ikipakwa kwenye jua kali au penye upepo, sehemu yake hupotea hewani kabla haijashika. Siloksani ina molekuli kubwa zaidi. Haizami kwa kina kile, lakini haipotei kwa urahisi, na huwafaa zaidi wenye kuta za tofali za saruji au nyuso nyingine zenye matundu mengi. Bidhaa nyingi huchanganya zote mbili, na kwa njia ya gari au kibaraza cha nyumbani sioni sababu ya kutafuta kitu cha ajabu zaidi ya mchanganyiko huo.

Ni lazima, hata hivyo, mipaka yake ijulikane kabla ya fedha kutolewa. Dawa hizi hazizibi nyufa. Hazihimili maji yanayosukuma kwa shinikizo, kwa hiyo ukuta wa chumba kilicho chini ya ardhi au tangi la maji huhitaji kinga ya aina nyingine kabisa. Hazizuii mafuta, isipokuwa zile zilizotengenezwa mahususi kwa kuongezwa kemikali zenye florini. Wala hazizuii asidi: ndimu na siki zitaendelea kula uso wa zege lililotiwa silani kama zinavyokula zege tupu, kwa sababu asidi huyeyusha chokaa iliyomo katika saruji. Mwonekano nao haubadiliki, au hubadilika kidogo sana. Anayetaka sakafu inayong'aa ataiona hiyo kuwa kasoro, lakini ina faida yake: uso hautelezi kuliko ulivyokuwa, na dawa inapoisha nguvu hakuna magamba wala mabaka ya kuondoa. Kwa kawaida hudumu miaka kati ya 5 na 10, kutegemea ubora wa bidhaa na kiasi uso unavyolika.

Silikati huwekwa rafu moja na hizo, na maelezo ya makopo yake mara nyingi huzifanya zionekane kuwa kitu kimoja, jambo linalowapotosha wanunuzi wengi. Silikati za sodiamu, potasiamu na lithiamu hazifukuzi maji. Zinachofanya ni kuungana na chokaa huru iliyobaki ndani ya zege na kutengeneza kiungo cha aina ileile inayoipa saruji nguvu, hivyo uso huwa mgumu, hulika polepole na huacha kutoa vumbi. Kwa sakafu ya ghala au karakana inayotoa unga kila inapofagiwa, hakuna dawa inayoizidi kwa bei na urahisi. Kwa kibaraza kinachopigwa na mvua, mtu atakuwa amenunua ugumu ilhali alihitaji kinga ya maji. Silikati ya sodiamu hudai pia kazi zaidi, kwa maana isiposuguliwa na kusuuzwa vizuri huacha ukoko mweupe ulio mgumu kuondoa, wakati ile ya lithiamu huacha mabaki kidogo na ndiyo inayopendelewa katika sakafu zinazong'arishwa kwa mashine.

Dawa zinazofanya utando

Akriliki ndiyo rahisi kuliko zote, kwa bei na kwa matumizi. Hutoka kwenye kopo moja, haihitaji kuchanganywa na kigumishi, na hukauka haraka. Ile ya maji haina harufu kali na huanza kwa weupe wa maziwa kabla ya kuwa angavu. Ile ya thina hukoza rangi ya zege na kulipa mng'ao mzito zaidi, lakini mvuke wake hushika moto kwa urahisi na unaumiza kifua, kwa hiyo haifai mahali pasipopita hewa. Akriliki safi huvumilia jua vizuri, ilhali ile iliyochanganywa na stairini, ambayo ni ya bei nafuu, huelekea kugeuka manjano. Utando wake ni mwembamba, hukwaruzika, huyeyuka ukimwagikiwa petroli, na tairi zenye joto zinaweza kuubandua. Mtu ajiandae kupaka upya kila baada ya mwaka 1 hadi 3.

Pamoja na udhaifu huo wote, akriliki ya thina ina sifa moja ambayo dawa nyingine za utando hazina: koti jipya huyeyusha kidogo lile la zamani na kuungana nalo, hivyo ukarabati hauhitaji kukwangua kila kitu. Kwa zege lililotiwa rangi au kupigwa chapa za mawe, ambako uzuri ndio kusudi la kazi nzima, nafikiri sifa hiyo inafidia maisha yake mafupi.

Epoksi ni kitu kizito zaidi. Huja katika sehemu mbili, resini na kigumishi, na zikichanganywa huanza kushikana zenyewe, kwa hiyo fundi ana dakika chache tu, mara nyingi kati ya 20 na 40, za kuimaliza. Mchanganyiko huo hutoa joto, na ukiachwa umerundikana ndani ya ndoo hupata joto kali na kuganda upesi zaidi kuliko ule uliomwagwa na kutandazwa sakafuni. Kwa sababu hiyo ni heri kuchanganya kidogo kidogo. Ikishika, huwa ngumu, hukataa mafuta na kemikali nyingi, na kufunika kasoro ndogo za uso. Hakuna ninachokiona bora kuliko hiyo kwa karakana iliyofunikwa na iliyo kavu. Lakini epoksi haiwezi jua: miale ya urujuanimno huigeuza manjano na hatimaye kuufanya uso wake kuwa kama chaki. Kuiweka peke yake kwenye baraza lililo wazi ni kupoteza fedha, hata kama siku ya kwanza itapendeza.

Poliyurethini ni nyembamba kuliko epoksi lakini hustahimili mikwaruzo zaidi, na aina yake iitwayo alifati haigeuki rangi juani. Ndiyo maana mafundi wengi huweka epoksi chini kwa ajili ya unene na mshiko, kisha poliyurethini juu kwa ajili ya kinga ya jua na msuguano. Huo ni muungano mzuri, ila gharama na siku za kazi huongezeka. Zile zenye isosianeti, kemikali ya kigumishi chake, zinahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa mvuke wake unaweza kuusababishia mwili mzio na pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Poliaspatiki, dawa nyingine ya utando, inakaribiana na poliyurethini kwa ubora wa kustahimili jua, hushika kwa saa chache tu, ni ghali, na kwa kasi yake hiyo haimfai anayejifunza kazi.

Unyevu unaotoka chini

Hapa ndipo uamuzi mwingi unapoharibika. Mtu huangalia maji ya juu, anasahau ya chini. Sakafu iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, bila karatasi ya nailoni chini yake, hupandisha mvuke kila siku, na mvuke huo hutoka kimya kimya kupitia uso ulio wazi. Ukishawekewa utando, njia hiyo ya kutokea hufungwa. Unyevu hukusanyika chini ya dawa pamoja na chumvi za alikali, mshiko hulegea, kisha huonekana malengelenge, weupe kama ukungu, au vipande vinavyobanduka. Aliyepaka husema dawa ilikuwa mbovu, ingawa mara nyingi dawa ilikuwa sawa na sakafu ndiyo haikuwa tayari kuipokea.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 45 kila upande hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote nne na kuachwa kwa muda usiopungua saa 16, kama kanuni ya ASTM D4263 (ASTM ni shirika la viwango lenye asili ya Marekani) inavyoeleza. Kikifunuliwa, matone chini ya nailoni au zege lililogeuka jeusi zaidi ni ushahidi kwamba unyevu unapanda. Matokeo makavu, kwa upande mwingine, si uthibitisho kamili, kwa kuwa hali ya hewa ya siku hiyo inaweza kuyaficha. Kwa sakafu kubwa itakayowekewa epoksi ya gharama, inafaa kumlipa mtu atoboe mashimo na kupima unyevu wa ndani kwa vihisi, kulingana na ASTM F2170, ambayo huhitaji kipimo kichukuliwe kwenye kina cha asilimia 40 ya unene wa bamba la zege linalokauka upande mmoja tu. Kipimo hiki huonyesha hali ya ndani, ambayo ndiyo itakayoamua maisha ya utando.

Zege jipya nalo liachiwe muda. Siku 28 ndio muda unaotajwa kwa dawa nyingi za utando, ingawa bamba nene au lililo mahali penye unyevu huhitaji zaidi. Baadhi ya silikati huruhusiwa kupakwa mapema zaidi ya hapo, kwa sababu hazifungi uso.

Ikiwa nailoni imeonyesha unyevu na hakuna namna ya kuuondoa, chaguo langu ni dawa ya kupenya, na kuuacha mng'ao. Zipo epoksi maalumu zilizotengenezwa kuhimili mvuke unaopanda, lakini bei yake na usahihi zinaoudai hufanya kazi hiyo iwe ya mafundi waliobobea.

Kulinganisha kwa mahali

Kwa njia ya gari, vijia vya miguu na ngazi za nje, silani na siloksani zinashinda bila shaka: hazitelezi, hazibanduliwi na tairi, na mvuke unapita. Kando ya bwawa la kuogelea jibu ni lilelile, na kama mwenyewe anasisitiza akriliki kwa ajili ya rangi, basi chembechembe za kuzuia utelezi zichanganywe katika koti la mwisho, kwa maana utando uliolowa ni hatari kwa anayetembea pekupeku.

Karakana iliyo kavu, epoksi yenye poliyurethini juu. Ghala la vumbi, silikati.

Meza ya jikoni ya zege ni suala gumu zaidi, na hapa mawazo ya watu hutofautiana kwa haki. Dawa ya kupenya huilinda dhidi ya maji lakini si dhidi ya ndimu, nyanya au divai. Akriliki hukwaruzwa na kisu na kuharibiwa na sufuria ya moto. Poliyurethini ya sehemu mbili hukinga madoa na asidi vizuri kuliko hizo, ila nayo haitaki sufuria iliyotoka motoni iwekwe juu yake moja kwa moja. Ningechagua hiyo ya mwisho, kwa sharti kwamba lebo yake inasema waziwazi inafaa kwa sehemu inayogusa chakula ikishakomaa.

Maandalizi na upakaji

Dawa ya kupenya inahitaji vijia vilivyo wazi. Uso uoshwe, mafuta yaondolewe kwa sabuni ya kukata mafuta, chumvichumvi nyeupe isuguliwe, kisha uachwe ukauke kwa saa 24 au zaidi. Jaribio la tone la maji hutosha kuamua: maji yakinyonywa kwa dakika chache na zege likageuka jeusi, dawa itaingia, yakibaki yamejikusanya, kuna kitu juu, labda dawa ya zamani au ile iliyopuliziwa zege lilipokuwa bichi ili lisikauke haraka, na hicho lazima kiondoke kwanza.

Epoksi inadai zaidi ya usafi. Uso uliolainishwa kwa mwiko wa chuma hauipi mahali pa kushika, kwa hiyo ni lazima ukwaruzwe hadi mkono uhisi ukali kama wa msasa wa wastani. Asidi hutumika kwa kazi hiyo, na anayeitumia aitie asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kisha aizimue kwa magadi na kuisuuza mara kadhaa. Mimi napendelea mashine ya kusaga yenye kifyonza vumbi, kwa sababu matokeo yake ni sawasawa kote na haiongezi maji kwenye sakafu tunayotaka iwe kavu. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu, hivyo barakoa yenye kichujio ni sharti.

Hali ya hewa haina msamaha. Dawa nyingi hutaka joto kati ya nyuzi 10 na 32 za Selsiasi, na uso uwe na joto linalozidi lile la umande, yaani lile ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi 3, la sivyo unyevu usioonekana hutua juu ya zege wakati wa kupaka. Kwa dawa za utando zinazopakwa nje, alasiri ni bora kuliko asubuhi: zege linalopata joto husukuma hewa iliyomo vijiani kwenda juu na kuacha vipovu ndani ya utando, ilhali linalopoa huivuta dawa chini. Muda ubaki wa kutosha kukauka kabla ya umande wa usiku.

Namna ya kupaka inatofautiana kama dawa zenyewe. Silani na siloksani humiminwa kwa pampu ya shinikizo dogo mpaka uso ushibe, kisha yaliyotuama husambazwa kwa brashi au roli kabla hayajakauka. Koti la pili, kama lipo, hufuata la kwanza likiwa bado bichi, kwani likishashika litalikataa. Akriliki na ndugu zake hutaka kinyume chake, yaani makoti mawili membamba, la kwanza likiwa limekauka. Koti nene hunasa thina ndani na kuleta vipovu na weupe. Vioo, alumini na mimea ya karibu vifunikwe, hasa kwa silikati, ambayo ikikauka juu ya kioo hukiachia alama ya kudumu.

Kwa makadirio, lita moja ya akriliki hutosha takriban mita za mraba 5 hadi 7 kwa koti, na ya silani mita 3 hadi 5. Sakafu ya mita za mraba 40, kwa hiyo, itachukua lita 6 hadi 8 za akriliki kwa kila koti, au lita 8 hadi 13 za silani. Bei ya kopo ilinganishwe kwa hesabu hiyo, kisha igawanywe kwa miaka ambayo dawa itadumu.

Jambo moja zaidi litafakariwe kabla ya kopo kufunguliwa. Uso ulioingiwa na silani au siloksani hautashikwa vizuri na utando baadaye, na uso wenye utando hautapitisha dawa ya kupenya mpaka utando uondolewe kwa kemikali ya kukwangulia au kwa mashine. Kuhama kutoka kundi moja hadi jingine ni kazi ghali, kwa hiyo asiye na hakika apake kwanza mita moja ya mraba kwenye kona isiyoonekana sana, aiache ipigwe na mvua na jua kwa wiki kadhaa, na aitazame kabla ya kuamua juu ya eneo lililobaki.